Kabla ya kuuza ngalawa ya babu, mwite mjukuu aione

Mzazi mwenzangu, wiki hii nilipanga kuandika kuhusu watoto na simu wakati wa likizo. Nimeiweka kando mada hiyo kwa sababu ya ujumbe nilioupokea kutoka kwa mama mmoja wa Mbagala, ambaye ana siku chache tu za kuamua jambo lake.

Baba yake alikuwa mvuvi upande wa Mjimwema, Kigamboni. Alifariki mwaka jana. Ameacha nyumba, nyavu zilizochakaa, na ngalawa iliyolala mchangani chini ya mkungu tangu mzee alipoanza kuugua. Sasa kaka zake wamepata mnunuzi. Si mvuvi, ni mtu wa fanicha anayekusanya mbao za vyombo vya zamani. Anataka kuikata katikati: nusu isimamishwe wima iwe shelfu ya chupa kwenye baa ya hoteli, nusu nyingine itoe meza na fremu za vioo. Fedha igawanywe kwa watoto wote wa marehemu, mambo yaishe.

Kilichomkaa kichwani mama huyu ni swali la mwanawe wa darasa la sita. Walipokwenda kufanya usafi kwenye nyumba ya babu, mtoto aliizunguka ngalawa, akauliza zile mbao mbili za pembeni ni za nini. Mama akajikuta hana jibu. Amekula samaki wa ngalawa ile utoto wake wote, amesomeshwa nayo, na hajui. Mjomba mtu akadakia kwamba ni za kukalia. (Si za kukalia, tutafika huko.) Basi mama anauliza: amzuie kaka yake au aache? Na kitu chenyewe kina thamani, au ni kuni tu?

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Dada yangu, waombe kaka zako wasubiri mwezi mmoja. Sisemi kuuza ni dhambi. Msiba una madeni yake na watoto wana ada zao, na ngalawa iliyolala bila mtu wa kuitunza hupasuka kwa jua na kuliwa na mchwa. Lakini katika biashara hii mnunuzi anajua anachonunua na nyie hamjui mnachouza. Mbao za majahazi ya zamani zina soko lake Zanzibar na Lamu, ambako zinageuzwa vitanda, meza na makabati kwa ajili ya hoteli na wageni. Anayefanya kazi hiyo ana jicho la kutambua. Na nyie mpate jicho hilo kwanza, ndipo mzungumze bei.

Na jicho hilo wengi wetu hatuna, hata tuliozaliwa hatua chache kutoka baharini. Mwambie mtoto wa Mbagala au Tandale "vyombo", atadhani unamtuma kuosha sahani. Mpe karatasi achore chombo cha majini, atakuchorea meli yenye bomba la moshi na bendera, kama aliyoiona kwenye katuni. Chochote kingine kinachoelea kwake ni "boti". Wakati ukisimama ufukweni Kunduchi asubuhi moja tu unaweza kuona aina nne au tano za vyombo, kila kimoja na sababu ya kuwa vile kilivyo.

Tuzipitie aina zenyewe, na jambo la kwanza ni kuzitazama ncha. Kila chombo kina mbele, omo, na nyuma, tezi. Hapo hapo mtoto umeshampa maana ya methali anayoikariri shuleni bila kuielewa, ile ya kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ni kule chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakokusanyika na watu hukumba kwa kopo. Ukitembea mbele na nyuma mara mia, mwisho unarudi kule kule kukumba maji. Nimewahi kumweleza hivyo kijana wa kidato cha pili akacheka kwa sauti, maana alikuwa ameikariri miaka minne akidhani tezi ni ugonjwa.

Sasa, chombo kilichojengwa kwa mbao kikiwa kimechongoka mbele na nyuma, hilo kwa kawaida ni dau. Kikiwa kimechongoka mbele lakini nyuma kimekatwa bapa kama mgongo wa kabati, hiyo ni mashua. Jahazi nalo lina mgongo bapa, ila ni kubwa, la kubebea mizigo: mbao, chokaa, nazi, vigae. Lile bapa la nyuma linafanya chombo kiwe kipana hadi mwisho, mzigo ukae, na siku hizi mashine ifungwe. Ncha ya dau inagawa mawimbi yanayokuja kwa nyuma, hivyo chombo hakisukwisukwi. Anayechagua kati ya hayo mawili anachagua kati ya nafasi na utulivu. Mtoto wa darasa la sita anaelewa hilo bila shida ukimweleza ufukweni kwa kidole.

Pili, chungulia ndani. Ukiona mbavu, yaani mbao zilizopinda zikivuka kutoka upande hadi upande, hayo ni mataruma, na chombo hicho kimejengwa ubao kwa ubao juu ya mkuku. Mafundi huchagua matawi yaliyopinda yenyewe mtini, kwa sababu mti uliopinda kwa asili una nguvu kuliko ubao mnyoofu uliokatwa uonekane umepinda. Ukichungulia usione mbavu wala maungio, umekutana na gogo lililochongwa. Huo ni mtumbwi. Na mtumbwi ukiwa na mbao pembeni, ndiyo ngalawa yetu.

Hapa nikae kidogo, maana ndiyo ngalawa ya mzee wa Mjimwema.

Mwili wa ngalawa ni gogo moja, mara nyingi la mwembe. Mwembe mkongwe una shina nene, mbao yake inachongeka kwa tezo bila ubishi, na mti ukishapunguza kuzaa mwenyewe haoni uchungu sana kuukata. Mwili huo unachongwa mwembamba kwa makusudi, kwa sababu chombo chembamba kinakata maji upesi kwa upepo kidogo. Tatizo ni kwamba gogo jembamba likiwekwa tanga linapinduka papo hapo. Jaribu kuelea juu ya gogo la mgomba utaona.

Suluhisho ni zile mbao za pembeni. Miti miwili inavuka ngalawa kutoka upande mmoja hadi mwingine, mmoja mbele na mwingine nyuma. Hiyo ni mirengu. Kwenye ncha za mirengu, kila upande, pamefungwa ubao mrefu unaokwenda sambamba na ngalawa. Hayo ndiyo matengo, na ndiyo aliyoyauliza mtoto. Yatazame vizuri: hayakulazwa bapa wala hayakusimama wima, yameinamishwa. Upepo ukijaza tanga, ngalawa inataka kulala upande wa demani, ule upepo unakoelekea. Tengo la upande huo linagusa maji, na kwa vile limeinama, mwendo wa ngalawa unalifanya liteleze juu ya maji na kuinuka badala ya kuzama. Upepo ukizidi, baharia anapanda juu ya mrengu upande wa goshini, unakotoka upepo, anautumia uzito wa mwili wake kuweka mizani. Kwa hiyo mjomba alikuwa karibu na ukweli. Anayekaa pale, anakaa juu ya mrengu, na yuko kazini.

Ngalawa haitaki maji mengi. Inapita juu ya mwamba wakati ambapo mashua inasubiri maji yajae, inafika pale samaki walipo, inarudi na kuvutwa mchangani na watu wachache. Haihitaji petroli. Nyakati hizi ambapo lita moja ya mafuta inaamua kama mvuvi atakwenda baharini au atabaki kucheza bao, hilo si jambo dogo.

Na mtindo huu haukuanzia hapa. Wanaochunguza historia ya vyombo wanauhusisha na mabaharia wa visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia, wale wale ambao lugha yao ndiyo mzazi wa Kimalagasi cha leo. Kule Bali, Indonesia, wavuvi wana jukung, yenye matengo pande mbili kama ngalawa. Wavezo wa pwani ya magharibi ya Madagaska wanatumia tengo upande mmoja tu. Ngazija na visiwa jirani wanaita galawa, jina ni lile lile. Ukoo huo wa mabaharia kwa upande wa mashariki ulifika hadi Hawaii, ambako nako mitumbwi ina tengo moja. Kwa hiyo ngalawa iliyolala chini ya mkungu pale Mjimwema ina ndugu kuanzia Bahari ya Hindi hadi katikati ya Pasifiki.

Nikiitaja Hawaii nakumbuka jambo linalofanana sana na kesi ya huyu mama. Watu wa kule walikuwa na mbao za kupandia mawimbi tangu enzi za machifu. Zile ndefu, olo, zilikuwa za wakubwa, nyingine zikizidi mita 4, zikichongwa kwa mti mwepesi uitwao wiliwili. Fupi zaidi, alaia, zilitumiwa na watu wote na zilichongwa kwa mti wa koa, au kwa mshelisheli, mti ule ule tunaokula matunda yake Zanzibar. Leo za zamani kabisa zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu, na duniani kuna watu ambao kazi yao ni kuutazama ubao mkongwe na kuusoma: kitako chake kimekatwaje, katikati kuna ukanda wa mti gani, ni mbao tupu au ni povu gumu la kiwandani lililoanza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1950, na chini kuna pezi au hakuna. Pezi lilibandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Mmarekani aitwaye Tom Blake, ili ubao usiteleze kando kwenye wimbi. Hivyo ubao usio na pezi unaweza kuwa wa kabla ya hapo. Nasema unaweza, kwa sababu mtu anaweza kuubandika pezi ubao wa babu yake baadaye. Msomaji mzuri wa mbao hizo anatafuta alama za kilichoongezwa na kilichoondolewa kabla hajataja mwaka.

Mbinu hiyo hiyo inafaa kwa ngalawa. Dada yangu, ukienda Mjimwema usianze kwa kuuliza ina miaka mingapi. Anza kutafuta alama.

Pitisha kiganja ndani ya mwili wa ngalawa. Gogo lililochongwa kwa tezo lina mawimbi madogo madogo, kila pigo la fundi limeacha kibonde chake. Mahali palipolainika kabisa ni pale watu walipokaa na kukanyaga kwa miaka. Angalia juu ya mlingoti, kama bado upo: jarari, kamba ya kupandishia tanga, huacha mfereji kwenye mti. Mfereji ukiwa wa kina, kamba imepita pale mara nyingi sana. Angalia mirengu inakoungana na mwili. Imefungwa kwa kamba au imepigwa misumari? Kufunga kwa kamba si umaskini. Fungo la kamba linacheza kidogo wimbi linapopiga, msumari unabana hadi mti unapasuka. Ukikuta kamba na misumari pamoja, fundi wa pili alipita hapo.

Halafu tafuta viraka. Kipande cha bati kilichopigiliwa, ubao mdogo uliopachikwa kwa ustadi kwenye ufa, pamba iliyoshindiliwa kwenye mwanya, ambayo mafundi huita kalafati. Mnunuzi wa fanicha anavipenda viraka kwa sababu vinapendeza kwenye picha. Nyie vipendeni kwa sababu kila kiraka ni siku ambayo baba yenu alipata tatizo baharini, akarudi salama, akatengeneza. Huenda kaka mkubwa anakumbuka siku mojawapo. Mwacheni asimulie mbele ya mtoto, hata kama ndiye anayetaka kuuza. Pengine hasa kwa sababu hiyo.

Rangi nayo inasema. Kwangua kidogo kwa ukucha kwenye ukingo uone tabaka zilizo chini. Chombo kilichobadilisha mmiliki mara nyingi hubadilishwa rangi na jina. Na kama tanga lipo limekunjwa ndani ya nyumba, lifungueni. Zamani lilikuwa la kitambaa cha pamba, siku hizi mengi ni ya turubai au viroba vilivyoshonwa. Tanga la pamba lililoshonwa kwa mkono likikutwa kwenye nyumba ya marehemu, tafadhali lisigeuzwe dekio.

Kwa majahazi kuna alama nyingine, nazitaja haraka kwa wale wanaosafiri. La Lamu lilijulikana kwa omo lililosimama karibu wima, tofauti na omo la Zanzibar linaloinamia mbele, na mengi ya Lamu yana jicho la duara limechorwa kila upande wa omo. Msumari nao utazame: wa kufuliwa na mhunzi una kichwa kisicho sawa na mwili wa pembe nne, wa kiwandani ni mviringo na vyote vinafanana.

Na kama utakutana na chombo kisicho na msumari hata mmoja, kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi kama mkeka, mwite mtu wa makumbusho kabla hujamwita mtu mwingine yeyote. Huo ungekuwa mtepe, na mitepe ya kazi ilikwisha katika karne iliyopita. Ilishonwa ubao kwa ubao, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka uliosukwa. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinachoeleza safari za wafanyabiashara kwenye pwani yetu, kinataja mji ulioitwa Rhapta, na kinasema jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa. Yaani mgeni alipofika hapa karibu miaka 2,000 iliyopita, kitu alichokiona cha kustahili kuuita mji mzima ni namna watu wa hapa walivyojenga vyombo vyao. Leo ukitaka kuuona mtepe unakwenda kuona mfano mdogo kwenye makumbusho ya Lamu. Mwaka 2003 mafundi walijenga mwingine Zanzibar kwa ajili ya Beit al-Ajaib, na kwa sababu hakuna aliyekuwa na mtepe halisi wa kuigiza, ilibidi watumie picha na vielelezo.

Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi kuhusu ngalawa. Haijafika huko, bado zinakwenda baharini kila siku Kunduchi, Mbweni, Ununio, Kigamboni. Lakini hesabu mwenyewe miembe mikubwa iliyobaki mtaani kwako. Kuanzia Mbezi hadi Mbagala, uwanja ukigawanywa vipande vinne, mwembe ndio wa kwanza kuanguka, na hakuna anayepanda mwembe leo akitarajia mjukuu wake achonge ngalawa. Boti za faiba zimeingia, na mvuvi kijana simlaumu akiichagua. Faiba haihitaji mwembe, wala haili mchwa.

Tena nikumbushe kwamba mbao si kila kitu. Mwaka 2018 kule Lamu fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini chombo kiitwacho Flipflopi, kilichojengwa kwa plastiki iliyookotwa ufukweni na mitaani, kikafunikwa kwa kandambili za rangi zote zilizotupwa. Mwaka uliofuata kilisafiri hadi Zanzibar. Watoto wanapenda picha zake kwa sababu ya rangi. Mimi ninachokipenda ni kwamba kwa umbo ni chombo cha Lamu hasa, kuanzia mkuku hadi tanga. Plastiki ilikatwa na kupigiliwa na mikono iliyojua taruma linakaa wapi. Mti ulikosekana, ujuzi ulikuwepo, chombo kikapatikana. Ingekuwa kinyume chake, miti ingebaki kuwa kuni tu.

Kwa hiyo, dada yangu wa Mbagala, nirudi kwenye mwezi mmoja niliokuomba.

Kwanza nenda na mwanao, na mtafute mzee wa kuwaonyesha. Hata kama humjui mtu, kwenye bandari nyingi za wavuvi kuna kikundi cha BMU kinachosimamia mambo ya uvuvi, ulizia pale nani ni fundi wa ngalawa. Mtoto atoe shikamoo yake, aulize mwenyewe, wewe usimjibie. Wazee hawa huchoka na watu wazima wanaojifanya wanajua, lakini mtoto anayeuliza "babu, hii inaitwaje?" hupewa muda. Beba uzi mrefu na daftari. Pimeni urefu, upana wa mwili, umbali kutoka mwilini hadi kwenye tengo, mwinamo wa tengo lenyewe. Mtoto achore na kuandika majina. Pigeni picha kwa simu, za mbele, nyuma, pembeni, na ndani. Simu inatosha, ila michoro ya mtoto ina kitu ambacho picha haina: hawezi kuchora fungo la kamba bila kulitazama limepitaje.

Pili, mwombe fundi agonge mwili na kusikiliza. Wanajua kwa mlio kama mti ni mzima au umeoza ndani. Jibu lake litabadilisha mazungumzo yenu kama familia. Kama mwili ni mzima, mnacho chombo cha kazi, na kuna vijana wasio na chombo. Utaratibu wa kumpa mvuvi chombo na kugawana mapato, sehemu ya chombo na sehemu ya mabaharia, unaeleweka pwani yote, na wewe umekua ukiuona. Hesabu za mwaka mmoja wa mgawo zilinganisheni na bei ya mtu wa fanicha. Makubaliano yaandikwe, na awepo shahidi wa pale pale bandarini. Ndugu mkigombana baadaye karatasi itasaidia.

Kama mwili umeoza, basi ngalawa imemaliza safari yake, na hapo sioni ubaya wa kuuza. Uzeni mkijua: hii ni gogo moja la mwembe, imechongwa kwa mkono, matengo yake ni ya asili, viraka hivi vina historia hii. Mnunuzi anayeuza hadithi hotelini atailipia hadithi, mkiwa nayo. Lakini kabla ya msumeno, ondoeni tengo moja mlibaki nalo, pamoja na tezo ya mzee kama ipo. Ukubwa wake unaingia kwenye nyumba yoyote, hata chumba na sebule cha kupanga. Kaka zako hawatakataa jambo dogo kama hilo, na wakikataa, mtume mtoto aombe.

Kitu kimoja sitaki kisikike vibaya. Ngalawa iliyokaa nchi kavu muda mrefu isishushwe majini na watoto juu yake kwa ajili ya picha. Gogo lililokauka lina nyufa zisizoonekana, na tengo linaweza kung'oka kwenye wimbi la kwanza. Mtoto anayetaka kupanda ngalawa apande ya mvuvi inayofanya kazi, na mvuvi mwenyewe, karibu na ufukwe, akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Kujua kuogelea ni mada nyingine, na nitaiandika, maana watoto wetu wa Dar wengi wanaishi kando ya bahari kama watu wa Dodoma.

Wazazi wengine ambao hamna ngalawa ya urithi, nendeni tu mkatazame. Kwa wa Kinondoni Kunduchi ni karibu. Ukimaliza vyombo, magofu na makaburi ya kale yako pale pale. Wa Temeke vukeni kwa pantoni au piteni darajani mwende Kigamboni. Chagueni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kwa sababu maji hupwa sana asubuhi, karibu saa nne, na vyombo vingi hukaa juu ya mchanga mtoto akavizunguka bila kulowa. Siku za maji mafu bahari haiondoki mbali, mtaishia kuona milingoti. Msimu wa kusi jiandaeni kwa upepo na mchanga machoni. Mwombeni ruhusa mwenye chombo kabla mtoto hajapanda juu, vueni viatu, na msisahau fedha ya samaki wa kukaanga.